Programu ya vipimo isiyofunga faili inaposimamishwa

Ndugu yangu wa Mufindi, umeeleza kwamba programu yako ya Python inayorekodi joto na unyevu kwenye shamba la chai hupoteza vipimo vya mwisho kila unaposimamisha huduma kwa systemd (mfumo wa Linux unaoanzisha na kusimamisha huduma), ingawa funksheni ya kupokea SIGTERM, yaani ishara ya kuiomba programu isimame, umeisajili na inabadilisha `endelea` kuwa `False`. Funksheni hiyo haina kosa. Tatizo lipo kwenye `time.sleep(300)`, amri inayoilaza programu kwa sekunde 300 ndani ya kitanzi chako.

Tangu Python 3.5, usingizi uliokatizwa na ishara huendelea hadi muda wake uishe, isipokuwa funksheni yako iibue hitilafu, kwa hiyo kitanzi hakitaangalia `endelea` mpaka sekunde zote 300 zitimie, ilhali systemd kwa kawaida husubiri sekunde 90 tu kabla ya kutuma SIGKILL, ishara ya kuiua programu papo hapo, ambayo hakuna programu inayoweza kuipokea wala kuizuia. Hapo sehemu ya `finally`, inayofunga faili, haitekelezwi, na mistari iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu hupotea.

Andika hivi badala yake:

`for _ in range(300):`
`    if not endelea: break`
`    time.sleep(1)`

Unaweza pia kuita `sys.exit(0)` ndani ya funksheni, lakini mimi nisingeshauri hivyo kwako, kwa kuwa huenda ikakatiza uandishi wa mstari katikati. Hakikisha vilevile umeandika `global endelea` ndani ya funksheni, na kwamba `signal.signal` unaiita kwenye uzi mkuu (main thread) wa programu, kwani kwingineko hukataliwa kwa `ValueError`.