Mhusika anayejinyima: mpe kisingizio

Umeuliza kwa nini mhusika wako, mwalimu wa makamo anayempenda mwenzake wa kazini na asiyelikubali hilo hata moyoni, anasomeka hana uhai. Nadhani anajijua mno. Ukiandika "alizizima tamaa zake", tayari anazijua. Huko ni kuficha tu. Aliyezizika hazioni kabisa, ila msomaji anaziona.

Kwa hiyo pitia rasimu, futa kila "alitamani", "alijizuia" na "alijikana" iliyo ndani ya mawazo yake. Mahali pake weka kitendo chenye kisingizio. Mwenzake ameacha kikombe mezani. Yeye anakiosha mara mbili, anakifuta, anakiweka peke yake mwisho wa rafu, huku akijiambia kwamba anapenda usafi. Kisingizio kiwe cha kuaminika, la sivyo msomaji atamwona mnafiki, na mnafiki haonewi huruma.

Kisha mpe ukali. Miongoni mwa kinga za nafsi (njia ambazo akili hujikinga na hisia isizozitaka) alizozieleza mtaalamu wa saikolojia Anna Freud mwaka 1936 ni kugeuza hisia kuwa kinyume chake: walimu wote wamechelewa dakika 3, anamkaripia huyo anayempenda tu.

Mwili utumie kwa uchache. Jasho, kigugumizi na moyo kudunda vikija pamoja ni maigizo. Chagua kimoja kwa kila tukio.

Na tafadhali, usimfanye akiri ghafla mwishoni, hapo ndipo hadithi nyingi za aina hii huharibika. Afadhali kisingizio kimshinde: kikombe kivunjike, naye akose la kujiambia kwa nini anatembea na kipande chake mfukoni.