Ruzuku za sayansi kwa vyuo vya watu weusi Marekani: wanachaguaje?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama ruzuku za NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, zinatolewa kwa kujuana, maana chuo chenu cha kihistoria cha watu weusi kimekosa mara mbili. Nimefundisha kemia kwenye chuo cha aina hiyo, nimeandika maandiko ya mradi ya kuomba ruzuku hizo, baadaye nikaitwa kuwa msomaji, yaani mtu anayepima maandiko ya vyuo vingine.

Sifa ya chuo ni ya kisheria: kiwe kilianzishwa kabla ya 1964 kwa ajili ya kuelimisha Wamarekani weusi. Halafu maelezo ya mradi yakizidi kurasa 15, andiko linaweza kurudishwa bila kusomwa.

Likipita, kwa kawaida linasomwa na watu wa nje, wengi walimu kama sisi. Vigezo ni viwili: uzito wa kitaaluma na manufaa kwa jamii. Kila msomaji anatoa daraja, na mwenye uhusiano na chuo husika anatoka chumbani kinapojadiliwa. Lakini jopo hilo la wasomaji linashauri tu, na hili wengi hawalijui. Anayependekeza ni afisa wa programu, mtumishi wa NSF anayesimamia ruzuku husika, na mkuu wake ndiye anayeridhia. Afisa hutazama pia fedha zimekwenda wapi, hivyo chuo kidogo chenye daraja zuri kinaweza kupita.

Sisi mara ya kwanza tuliomba spektromita, mashine ya kuchunguza kemikali. Msomaji mmoja akauliza: wanafunzi wenu wanafeli kemia ya mwaka wa kwanza, mashine ya mwaka wa nne itamsaidia nani? Niliumia wiki nzima. Kisha nikafungua daftari la mahudhurio ya maabara ya saa mbili asubuhi. Majina yenye alama za kukosa yalikuwa yaleyale, vijana waliokuwa wanakesha wakipakia mizigo maghalani, wanatoka kazini alfajiri. Tukaandika upya: maabara ya jioni, na wanafunzi wa mwaka wa tatu walipwe kuwasaidia wadogo zao. Spektromita tukaitoa. Tukapata.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu kujuana, chukua maoni ya wasomaji mliyotumiwa, yasome pamoja na wenzako, kisha omba kuongea na afisa wa programu, inaruhusiwa kabisa. Soma tangazo la ruzuku la sasa, si la zamani, kwa sababu mwaka 2025 ruzuku nyingi zilikatishwa katikati. Na jitolee kuwa msomaji. Mimi nilijifunza kuandika siku niliposoma maandiko ya wengine.