Nyumba ya kujitegemea Dodoma: anza na maji, marumaru baadaye

Tangu Serikali ihamie huku, ndugu na wafanyakazi wenzangu hawaishi kuniomba niwasindikize kutafuta nyumba ya kujitegemea: vyumba vitatu, kimoja masta, uzio na geti lake. Dalali huwakimbiza sebuleni wakaone marumaru na dari ya jipsamu. Mimi hubaki uani, kwenye bomba.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na jiji limetegemea visima vya Mzakwe kwa miaka mingi. Watu wameongezeka, mgao upo. Habari za mgao usimuulize dalali. Muulize dada anayefua nyumba ya jirani: maji hutoka siku gani, na hutoka mchana au usiku wa manane? Kisha tazama simtenki. Familia ya watu watano wenye tenki la lita 1,000, mgao ukiruka wiki, watanunua maji ya boza. Nyumba ninayoishi Ilazo ina tenki la lita 5,000 juu ya mnara wa zege, na hilo ndilo lililonifanya nitoe kodi bila kuvutana sana na mwenye nyumba. Kukiwa na kisima, onja maji yake. Omba pia uchungulie birika la wapangaji waliomo. Ukikuta ukoko mweupe umeganda ndani, maji hayo ni magumu, yana madini mengi ya chokaa, na huenda ya kunywa ukatafuta kwingine.

Halafu udongo. Penye udongo mweusi wa mbuga, ardhi huvimba kwa mvua na kusinyaa kiangazi, na nyumba huchanika. Kagua kona za madirisha: ufa unaopanda kwa mshazari hauzibwi na rangi mpya, pitisha kidole utausikia. Chini ya ukuta wa uzio tafuta alama ya tope, ujue mafuriko hufika wapi. Makorongo ya huku hukauka miezi mingi hadi watu wanajenga kandokando yake, na hilo linanisikitisha kila nikipita.

Kuhusu mtaa, inategemea unaamkia wapi. Wa Mji wa Serikali, Mtumba, atafute Ihumwa. Mfanyabiashara atapenda Nzuguni, kwenye soko la Job Ndugai na stendi kuu ya mabasi. Mwenye mgonjwa wa kliniki Hospitali ya Benjamin Mkapa atapumua akikaa Iyumbu, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Kwa mwenye watoto wadogo, binafsi napenda mitaa iliyopangwa enzi za CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyovunjwa mwaka 2017, kama Area D: barabara zina mpangilio, na viwanja vimenyooka.

Lakini usilipe kabla hujaenda jioni. Shuka kwenye daladala saa moja usiku, utembee kwa miguu hadi getini. Utaona kama kuna taa, kama genge la nyanya na duka la dawa bado viko wazi, na kama mtoto akitoka shule atalazimika kuvuka barabara kuu peke yake.

Siku ya mkataba, hakikisha mita ya LUKU ni ya nyumba hiyo peke yake, na nunua umeme kidogo papo hapo: kama kuna deni la mpangaji aliyetangulia, mwenye nyumba alimalize kabla hujamkabidhi kodi ya miezi sita.