Viganja vya unga wa chumvi, pambo la Krismasi la kutengeneza na watoto

Jamani Desemba ndo hiyo, shule zinafungwa na watoto watashinda nyumbani, kwa hiyo ngoja niwaambie kitu tunachofanya hapa kwangu Dar kila mwaka tangu mkubwa akiwa na mwaka mmoja na nusu, sasa hivi yuko darasa la kwanza. Mtoto anabonyeza kiganja kwenye donge la unga, tunakausha, tunapaka rangi, tunatundika kwenye mti. Ukivipanga vya miaka yote kwa pamoja unaona vidole vinavyorefuka, mimi hapo machozi huwa yananilenga kabisa.

Unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji kikombe 1 ila usiyamwage yote kwa mkupuo, ongeza kidogo kidogo. Kanda kama wa chapati ila uwe mgumu zaidi, ukinata mikononi ongeza unga. Sukuma unene wa nusu sentimita hivi, ukiwa mnene sana nje inakauka ndani bado na inapasuka. Tundu la kamba toboa kwa mrija wa soda wakati bado ni laini, na nyuma andika jina na tarehe kwa kijiti cha meno, hilo usiliache kabisa maana baada ya miaka mitatu utashindwa kujua kipi cha nani. Na usiwaache waonje, chumvi yote hiyo ni hatari kwa mtoto mdogo.

Sasa mkono wenyewe. Wa chini ya miaka miwili akigusa tu unga anakunja ngumi, utahangaika naye mpaka wote mchoke. Huyu wangu wa pili nilimvizia amelala mchana, nikaleta donge kitandani kwenye sinia, nikampapasa taratibu nyuma ya kiganja, vidole vikafunguka vyenyewe, nikabonyeza kimoja kimoja wala hakuamka.

Wakubwa kidogo waache wafanye wenyewe. Kuna mwaka nilimrudisha mkubwa mara tatu kwa sababu kidole gumba kilikuwa kinatoka kimepinda, akaishia kulia. Kile kiganja kilitoka kizuri kuliko vyote na ndo nisichokipenda, kila nikikishika nasikia kile kilio. Siku hizi kikipinda kimepinda.

Kukausha, kama una oveni weka nyuzi 100 kwa masaa matatu hivi huku unageuza, kama huna anika juani siku tatu nne juu ya wavu, usiku ingiza ndani.

Afu hapa ndo nataka mnisikilize vizuri nyie wa Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa. Chumvi inavuta unyevu. Kiganja cha kwanza kabisa cha mwanangu nilikifunga kwenye gazeti nikaweka kabatini bila kupaka kitu, masika ikapita, Desemba nafungua nakuta kimelainika kina ukungu na kidole cha mwisho kimebaki kimeganda kwenye gazeti. Nililia sana, maana ule mkono wa mwaka mmoja na nusu sitaupata tena. Tangu hapo napaka vanishi ya mbao, ya fundi seremala, mbele na nyuma na pembeni mpaka ndani ya tundu, mara mbili, hiyo kazi nafanya mwenyewe nje watoto wakiwa mbali. Vikikauka nafunga na kipande cha khanga kuukuu, naweka kwenye kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kamba msinunue, fundi cherehani yeyote atakupa vibaki vya vitenge bure.

Kila mwaka tunatengeneza na cha ziada kwa ajili ya bibi yao Moshi. Anavitundika kwenye misumari karibu na dirisha la jikoni, tukifika tu watoto wanakimbilia pale kupimisha mikono yao kwenye vya zamani, na bibi anawashikilia vidole vinyooke vizuri, shikamoo wanamwamkia baadaye.