Gari la zamani likienda Spa, usilisetie hewa ya Lubumbashi

Tangu tulipopeleka Alfa Romeo Giulia Sprint GT ya 1964 kwenye Spa Six Hours, mbio za saa sita za magari ya zamani huko Ubelgiji, vijana wa magari hapa Lubumbashi wananiuliza jambo moja tu: injini mliiongezea nguvu kiasi gani? Jibu langu huwachosha. Injini ile ya cc 1570 ina nguvu ya kutosha tangu ilipotoka kiwandani. Vinavyolitoa gari mbioni mapema ni hewa, raba na karatasi. Mimi ni fundi, gareji yangu iko Kamalondo. Gari ni la patron, kwa hiyo haya nayaandika kutoka upande wa spana, si upande wa usukani.

Nianze na hewa, maana mafundi wa mji huu ndiyo wanayoisahau. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Spa-Francorchamps iko kwenye mita mia nne hivi. Ongeza baridi ya Septemba katika milima ya Ardennes, na hewa inayoingia kwenye silinda inakuwa nzito kuliko hii yetu kwa zaidi ya asilimia 10. Kabureta haina habari na safari. Kabureta yetu, Weber 40 DCOE, iliyosetiwa Kamalondo ikanguruma safi, kule itatoa petroli pungufu: gari litakwenda, sauti itapendeza, huku pistoni zinaungua. Na Spa haina huruma kwa injini yenye njaa. Ukishapita kona ya Eau Rouge unapanda, na mguu unabaki chini mpaka mwisho wa Kemmel, ule mnyoofu mrefu.

Kwa hiyo beba jeti, vile vipande vyenye tundu linalopima petroli ndani ya kabureta. Namba iliyopigwa kwenye jeti kuu ya Weber ni kipenyo cha tundu lake: 120 maana yake ni milimita 1.20. Kama hapa unatumia 120, chukua 125 na 130, nne za kila saizi, kwa sababu kabureta ni mbili na kila moja ina midomo miwili. Zote zinaenea kwenye kiganja.

Siku ya mazoezi funga buji (plagi) mpya. Dereva azunguke kwa kasi ya kweli, si ya kutalii, kisha akiingia pit, pale mafundi wanaposubiri, azime injini papo hapo. Akiiacha ingurume pale huku anasalimiana na watu, ushahidi umefutika. Fungua buji zikiwa bado moto, zipange juu ya kitambaa kwa mfuatano wa silinda, utazame ile kauri inayozunguka ncha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, uko sawa. Ikiwa nyeupe kabisa, na hasa ukiona vitone vidogo vinavyometa, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako. Gari lisitoke tena kabla hujapandisha jeti. Masizi meusi yanakula nguvu, lakini hayavunji kitu.

Taimingi ya cheche nayo irudishwe kwenye kipimo cha kiwanda. Hapa kwetu tunapenda kuisogeza mbele kidogo, na injini inavumilia kwa sababu hewa ni nyepesi. Kule itagonga.

Petroli ya 95 kwenye vituo vya Ubelgiji ina ethanoli hadi asilimia 10. Mipira ya miaka ya sitini haikutengenezwa kwa kitu hicho: inavimba, inalainika, halafu inavuja juu ya egzosti ya moto. Badilisha mipira yote ya mafuta, na viraba vya pampu na vya kabureta, uweke vinavyostahimili ethanoli. Oili ya breki ifanye kinyume: usiibadilishe hapa, ibadilishe gari likishafika, maana inanyonya unyevu, na safari ya baharini ni ndefu.

Halafu waipa. Usicheke. Katanga haipati mvua tangu mwezi wa tano hadi wa kumi hivi, kwa hiyo gari unaliandaa katika miezi ambayo hakuna mtu anayegusa swichi ya waipa. Spa, mzunguko wa kilomita 7.004, mvua inaweza kunyesha kona moja na nyingine ikawa kavu. Weka raba mpya, mwagia kioo maji ya bomba, uache mota ifanye kazi nusu saa nzima.

Karatasi sasa. Bila Historic Technical Passport, yaani pasipoti ya kiufundi ya gari la zamani inayotolewa na FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hulipeleki gari popote penye maana. Fomu hiyo inaeleza gari lilivyokuwa enzi zake, na Alfa ya 1964 inaangukia kipindi F, yaani 1962 hadi 1965. Kilichoandikwa humo ndicho mkaguzi atakachotafuta kwenye gari. Patron alikuwa ameshachagua rimu pana, nzuri kweli, lakini hazimo kwenye fomu. Nikamwambia: “Patron, hizi zifunge siku ya harusi.” Akanuna, lakini rimu zilibaki Lubumbashi. Namba ya chesisi kwenye karti roze, kadi ya usajili wa gari, ilingane herufi kwa herufi na iliyopigwa kwenye bodi. Magari yetu yamepakwa rangi mara nyingi na mengine namba imezama chini ya puti. Mikanda ya usalama ina mwaka wa mwisho umeandikwa kwenye lebo. Ukinunua ya mkononi, soma lebo kwanza, bei baadaye.

Kwenye duane ya DGDA, yaani forodha ya Kongo, omba kusafirisha kwa muda, usikubali kuandikiwa kusafirisha kwa kudumu kwa sababu eti ni haraka. Gari likirudi mpakani Kasumbalesa bila karatasi hiyo, utatozwa ushuru wa kuingiza gari lako mwenyewe. Upande wa Ulaya, wakala wa Antwerp aombe uingizaji wa muda. Ataulizia dhamana, kwa hiyo jambo hilo mlimalize kabla meli haijaondoka Dar es Salaam.

Kontena ya futi 20 ina urefu wa ndani wa karibu mita 5.9, na Giulia ina mita 4.08. Nafasi inayobaki inatosha magurudumu ya akiba na sanduku la spea, lakini kila spea iingie kwenye orodha ya duane, hata buji. Magogo ya kuzuia magurudumu yawe na muhuri wa ISPM 15 unaoonyesha kwamba mbao zimetibiwa. Ubao wa kuokota sokoni unaweza kukuzuilia kontena nzima bandarini. Tangi libaki na mafuta kidogo sana, betri ifunguliwe nyaya, na mikanda ya kufungia ikamate ekseli, si bampa.