Muulize Bwana Miti: Njia ya miguu kando ya kinamasi

*Shikamoo mzee. Sisi ni kikundi cha kujitolea hapa Moshi, upande wa chini ya mji. Tunataka kutengeneza njia ya miguu kwenye bonde la majani lenye maji, wanafunzi na wageni waje kuona ndege. Vijana wanataka tumwage kifusi katikati ya bonde, tuzungushe seng'enge, tuweke na geti la kiingilio. Akina mama wanaokata majani ya ng'ombe humo wamesusa, hata kwenye msaragambo (kazi ya pamoja) wa Jumamosi hawaji. Tuanzie wapi?*
*Katibu wa kikundi, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Anzieni kwa hao mama waliosusa.

Ng'ombe wa Uchaggani anafungwa bandani, na kihamba, yaani shamba la nyumbani, kimejaa migomba na kahawa. Majani yanafuatwa huku chini. Ukimtajia mama seng'enge, yeye anaona ng'ombe wake akilala njaa. Tena hao ndio wanaolitunza hilo bonde bila posho: majani yasipokatwa, matete yanapanda na kulifunga, na yangeyange mnaotaka kuwaonyesha wageni hawatapata pa kutembea wakidonoa panzi na vyura.

Njia yenyewe wameshaichora. Nendeni mkaangalie wanakopita: inapindapinda pembeni kwenye ardhi ngumu, maana mwenye mzigo kichwani hachezi na utelezi. Ifuateni hiyo hiyo. Na huo mzigo muupime. Ukikaa kichwani unazidi mabega kulia na kushoto, na majani yananing'inia mpaka machoni, kwa hiyo aliyebeba anaona miguu yake na si zaidi. Njia ya mita moja mtapishana vipi? Fanyeni mita mbili, na matawi yakatwe juu kuliko mkono ulionyooshwa.

Kifusi sikitaki kabisa. Maji ya kinamasi hayapiti juu tu, yanapenya polepole ndani ya udongo. Mkikata bonde kwa tuta la moramu, upande wa juu unageuka bwawa na upande wa chini unakauka. Pakikauka, mtu atapanda mchicha, na baada ya mchicha zitashushwa tofali za kujengea (watu mnawajua). Penye mkondo pangeni mawe makubwa ya kukanyagia, muache nafasi maji yapite. Mawe Moshi hayajawahi kuadimika.

Msichimbe chochote kabla ya masika. Maji yakijaa, mwezi wa nne hivi, pigeni vigingi pale yalipoishia, na njia ikae upande mkavu wa vigingi. Badala ya seng'enge pandeni masale, mmea ambao Wachagga huutumia kuonyesha mpaka. Kwa Mchagga hakuna haja ya kuweka na kibao.

Kuhusu ruhusa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, kwa hiyo choo na banda la wageni visogezwe mbali. Andikeni barua kwa mtendaji, nakala kwa afisa mazingira wa manispaa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Wote mnao hapo hapo mjini. Kama eneo linaingia kwenye msitu wa hifadhi wa Rau, huko ni Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), msikate hata tawi kabla hawajajibu.

Nauli ikipatikana, pandeni Kosta ya Arusha, mshuke Tengeru, mkalizunguke Ziwa Duluti. Muende na wale vijana wa kifusi. Wakaone njia ya udongo tu, chini ya miti, na wageni wanatoka mbali kuja kuitembea.

Kiingilio kwa wageni, sawa. Mwenye mundu na kamba apite bure, na muandike hivyo kwenye katiba ya kikundi kabla hela haijaanza kuingia.

La mwisho ni la wanafunzi. Maji yaliyotuama yana konokono, na konokono ndio wanaobeba kichocho. Mtoto asiingie majini pekupeku, hata kama ndege kaonekana ng'ambo. Mwalimu anayewaleta mwambieni mapema, na kikundi kinunue gambuti za saizi ndogo pia, si zile za watu wazima tu.