Kwa mnaoanza kusoma historia: msianzie siku ngome ilipotekwa

Katika kusahihisha insha za mwaka wa kwanza kuhusu kuinuka na kuanguka kwa dola, nyingi nazikuta zikimalizia palepale: watawala walilewa anasa, wakazembea, dola ikaanguka. Jibu hilo unaweza kulibandika kwa Roma, kwa Waturuki, kwa Uingereza, na ndiyo maana silipi alama.

Shikeni dola moja, muifuate mpaka kwenye hesabu zake. Mimi huwaanzisha na Wareno kwa sababu mabaki yao tunayo hapa pwani. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zikaporwa, 1510 Goa huko India ikatekwa, 1511 Malacca huko Malaya, 1515 Hormuz kwenye mlango wa Ghuba ya Uajemi. Ureno yenyewe ilikuwa na watu kama milioni moja tu. Waliwezaje? Hawakuwa na jeshi la kutawala bara, ila walikuwa na merikebu za mizinga katika bahari ambayo majahazi yake mengi yalibeba bidhaa bila silaha za aina hiyo. Wakashika bandari chache, wakalazimisha vyombo vya wenzao kununua cheti cha kupita. Riziki yao ilikuwa ushuru wa njia.

Ukishalielewa hilo, kushuka kwao hakuhitaji hadithi za anasa. Waholanzi na Waingereza walikuja na mizinga kama yao, na mitaji mikubwa kuliko yao. Kuanzia 1580 hadi 1640 Ureno ilikuwa chini ya wafalme wa Hispania, ikarithi na maadui wa Hispania. Hormuz ilipotea 1622, Malacca 1641, Maskati 1650.

Fort Jesus, ngome yao ya Mombasa, nayo huwapoteza wengi. Wanaitaja kama kilele cha nguvu za Mreno. Lakini ujenzi wake ulianza 1593, baada ya Mturuki Mir Ali Bey kuitikisa pwani katika miaka ya 1580 na baadhi ya miji kumpokea. Mimi naona humo wasiwasi zaidi ya kiburi. Waomani walipoizingira mwaka 1696, msaada wa Goa ulikuja kwa kuchelewa, maradhi yakawamaliza waliokuwa ndani, na mwishoni mwa 1698 ikatekwa. Basi 1698 msiiandike kwenye sababu. Iwekeni kwenye matokeo.

Na mkiulizwa Ureno ilianguka lini, ulizeni kwanza: wapi, na katika jambo gani? Mombasa walirudi 1728, wakatimuliwa mwaka uliofuata. Goa walikaa mpaka 1961, Msumbiji mpaka 1975. Tena sehemu kubwa ya bara la Msumbiji waliitia mkononi baada ya mkutano wa Berlin wa 1884–85, wakati enzi yao ya baharini ilikuwa imeshazikwa zamani.